Maneno Niliyomfundisha Mwana wa Fundi Makubadhi

Nyinyi walimu vijana mlioniaga juzi mlinipa mwavuli, mkanipigia makofi, kisha mkaniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu ili mpate hekima. Kwa mwavuli nashukuru. Hekima sina. Nina hasira, tena nimeitunza vizuri miaka yote hii, haijaingia kutu, na hiyo naweza kuwapa bure. Vyeo nilivyopanda na mshahara nilioupata haviwahusu, na vyenyewe havijazi kibaba.

Nilianza kazi wakati wa vita vikuu, vile vya pili, katika skuli moja ya kisiwani hapa ambayo jina lake naliacha. Nilikuwa kijana wa Kibokoni, ndevu hazijatimia, na siku ya kwanza niliingia darasani na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, koti juu, na mkononi orodha ya maneno magumu ya Kiingereza. Lilikuwa darasa la jioni, la watu wazima: makarani wa bandarini, walimu wa skuli ndogo, vijana waliomaliza masomo na hawana pa kwenda. Wote walitaka kuingia chuo kikuu cha bara, kule ng'ambo ya ziwa. Nafasi iliyokuja kisiwani kwetu kwa mwaka ilikuwa moja. Kiti kimoja, watu darasa zima.

Kukipata kiti kile ulifanya kwanza mtihani wa kuandika, ambao nusu yake ilikuwa maneno. Si maneno ya watu, la. Maneno ambayo sijamsikia Mzungu yeyote akiyatumia kwa kununua samaki wala kwa kumgombeza mpishi wake. Waliyachimbua mahali, wakatuwekea mlangoni kama mbwa wa ulinzi. Ukimpita mbwa, ndipo ukaitwa kukaa mbele ya bodi, nao wakakutazama usoni na kukuuliza watakavyo.

Mimi nikafundisha kama nilivyofundishwa madrasa. Nilisema neno, wakaitikia. Nilisema maana yake, wakaitikia, huku wanayumba mbele na nyuma. Nilijiona mwalimu hodari. Dirishani alikuwa amesimama Mwalimu Mwadime, mkuu wangu wa Kiingereza, Mtaita, Mkristo, mtu aliyeteremka pwani na reli akiwa mpiga simu za waya wa stesheni kabla hajashika chaki. Alipanga chumba Mwembe Tayari juu ya hoteli, na kwa sababu ya kelele za malori ya bara alizoea kusema kwa sauti ya juu hata msibani. Aliingia, akamchagua karani mmoja, akamwomba alitumie neno alilotoka kuliitikia. Yule bwana akaliimba pamoja na maana yake. Mwadime akamwambia hapana, alitumie. Karani akaliimba tena, kwa nguvu zaidi.

Tulipotoka nje Mwadime aliniambia, nami namnukuu maana ndilo somo pekee la ualimu nililowahi kupewa na mtu aliyejua anachokisema: "Kijana, hawa umewafundisha kuomba dua kwa Kizungu. Neno halikai kichwani mpaka limpate mtu wa kulivaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, ikawa yangu. Kila neno gumu tulilivisha mtu wa mjini. Neno *taciturn*, mtu asiyependa kusema, tulimvisha mwadhini mmoja ambaye, ukitoa adhana, hakuna aliyepata kumsikia akitamka jambo. Neno *frugal*, mwenye matumizi ya kubana, alivaa muuza mafuta ya taa wa mtaa wa Kuze, aliyepasua njiti ya kiberiti mara mbili kwa wembe. Lile la mtu mwenye maneno mengi nilimpa mama mkwe wangu, Mungu anisamehe. Wanafunzi wakipita njiani wakawa wanaona kamusi inatembea, na neno likishamwingia mtu hivyo halimtoki.

Habari zikavuja, bila shaka, huu ni mji wa mabaraza. Muuza mafuta ya taa akaja skuli amefura, ataka kujua ni neno gani alilopewa bila ruhusa yake. Mwadime akamkaribisha kiti, akamweleza kwa heshima zote kwamba ni neno la mtu anayejua kuhifadhi mali yake. Mzee akatulia. Akaomba aandikiwe kwenye karatasi aibandike dukani. Nasikia ilikaa pale miaka.

Nawaona nyinyi leo mnawagawia watoto karatasi za maneno wakariri, kisha mnakaa ofisini mnakunywa chai. Haya. Tuendelee.

Kamusi tulikuwa nayo moja. Meli za wakati ule zilileta bunduki na askari, vitabu havikuwa na nafasi. Mikono ya watu wengi iliichosha mpaka mgongo wake ukakatika na kurasa zikawa zinatoka kama meno ya mzee. Nikaipeleka kwa Fundi Bakari, mshona makubadhi, aliyekuwa na kibanda chake karibu na Ngome. Ngozi ni ngozi, nikamwambia, ishone kama kiatu. Akasema nirudi kesho. Kesho akasema bado. Nikarudi tena, bado. Mnajua ahadi za mafundi. Siku iliyofuata sikupiga hodi, niliinamisha kichwa nikaingia mpaka nyuma ya kibanda, nikamkuta mwanawe Twahir amekaa juu ya rundo la ngozi, kamusi yangu magotini, mshono umekwisha zamani, tena mzuri, wa uzi uliopakwa nta. Alikuwa anasoma.

Nilimfokea. Darasa zima lilikuwa linangoja kitabu kile. Kijana akasimama, akainamisha kichwa, akaomba radhi. Alikuwa wa miaka ishirini hivi, alimaliza skuli kwa alama nzuri kisha akarudi kwenye shazia, ile sindano nene ya ngozi, na kisu cha babake kwa kuwa hapakuwa na jingine. Kwa ukali tu nikamuuliza neno, moja la mwishoni mwa kamusi, la kumfedhehesha. Akasema analijua kidogo, si sana, mwalimu wangu. Kisha akalieleza, akatoa mfano wake, akatoa na neno la pili linalofanana nalo na tofauti iliyopo baina ya mawili hayo. Nilitafuta mahali pa kukaa.

Hapa inanipasa kuwaeleza wageni wa mji huu jambo moja, maana najua wengi wenu mmetoka bara. Kwetu, mtu hajisifu. Ukiulizwa kama wajua, wajua kidogo. Ukikaribishwa chakula, umeshiba. Mwenye kukaribisha naye ana wajibu wake: ashikilie, akuapize, akuvute mkono, ndipo ule. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi na anayeshindwa kushikilia ni bahili. Ni mchezo wa watu wawili, na kila mtoto wa Mji wa Kale ameucheza tangu hajaota meno.

Twahir akaingia darasani kwangu. Alikuja jioni mikono yanuka ngozi, akakaa nyuma. Kwa muda mfupi akawa anawavisha watu maneno kunishinda mimi, na alikuwa na jicho: hakuchagua kasoro za watu tu, alitafuta na wema wao. Neno *magnanimous*, mtu mwenye moyo mkubwa wa kusamehe, alimvisha mwanamke muuza mahamri wa mtaani kwao, aliyekuwa akimlisha kila asubuhi mwizi aliyewahi kumuibia. Nililifundisha neno lile kwa mfano ule mpaka nilipostaafu. Majibu ya mtihani wa kuandika yalipotoka, Twahir alikuwa wa kwanza. Si kisiwani peke yake, pwani nzima. Mwadime aliponiletea habari alinong'ona, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akinong'ona.

Bodi ilikaa katika jumba moja Kizingo, penye miti na bustani na mbwa. Asubuhi ile Fundi Bakari alimvisha mwanawe makubadhi mapya, akamsomea dua, akamwambia maneno ambayo baba yeyote wa hapa angeyasema: "Kizuri chajiuza, mwanangu. Nenda ukae kwa adabu, usijitembeze."

Mezani walikaa watu watatu. Mwenyekiti, Mzungu wa serikali aliyechoka na joto. Mzungu wa pili, mwandishi. Na mheshimiwa mmoja wa mjini petu, aliyewekwa pale ati awe sikio la wenyeji. Huyo nitamwita Bwana Mkubwa tu, kwa kuwa ana wajukuu na hawana kosa. Mimi nilikuwa chumbani pia. Kazi yangu ilikuwa kumpa mwenyekiti kadi za maneno moja moja, na nilikwishaonywa kwamba nisifungue kinywa.

Kabla ya kuanza ililetwa kahawa na halua. Mwenyekiti akamsogezea Bwana Mkubwa sahani. Bwana Mkubwa akaweka mkono kifuani, akasema ahsante, ametosheka. Mwenyekiti akaiondoa sahani, akampa mwandishi. Nilimwona Bwana Mkubwa kwa macho yangu akiisindikiza ile halua mpaka upande wa pili wa meza. Nataka mkumbuke kwamba aliyajua haya. Aliyajua kwa tumbo lake.

Twahir akaitwa. Kadi zote alizijibu, hata mwenyekiti akawa anatabasamu. Kisha mwenyekiti akaweka kadi chini, akamwambia Twahir kwamba karatasi yake ni bora kuliko zote, na akamuuliza kama anadhani anastahili nafasi hii kuliko wenziwe.

Twahir aliinamisha macho, akaweka mkono juu ya mkono. "La, bwana. Wako wenzangu wanaostahili kunishinda mimi."

Mwenyekiti akamuuliza kama basi anataka kwenda. Akajibu kwamba wakiona hapana mwingine, atashukuru.

Kwa Kiingereza safi, kisicho na doa. Na kila mtu wa pwani angejua kwamba sasa ni zamu ya mwenye nyumba kushikilia. Mwenyekiti hakushikilia. Alimtazama mwandishi, akainua mabega, akaandika jambo.

Nikasimama. Nikasema, mheshimiwa, huyu anasema hivyo kwa adabu, hiyo ndiyo desturi yetu. Mwenyekiti akaniambia nimeletwa kushika kadi. Nikamgeukia Bwana Mkubwa. Alikuwa anahesabu tasbihi yake, ameikodolea macho kana kwamba amepewa leo. Nikaambiwa niketi au nitoke.

Kiti akapewa kijana mwingine, mtu mwema, simlaumu. Aliulizwa akasema ndiyo.

Siku ya pili baada ya sala ya alasiri nilikwenda nyumbani kwa Bwana Mkubwa. Nilibusu mkono wake, na mpaka leo nikikumbuka natamani kusukutua. Tukaulizana hali, wazee, watoto, kama ipasavyo. Akaniletea kahawa, nikakataa, na sikukataa kwa adabu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mzungu maana ya jibu lile, naye ndiye aliyewekwa pale kwa kazi hiyo.

"Sikuulizwa, Mwalimu," akasema. "Mtu hadakizi maneno ya wakubwa."

Kisha akauliza kijana yule ni mwana wa nani. Nikamwambia, wa Fundi Bakari, mshona makubadhi. Akasema aa. Basi. Aa hiyo tu, na akanikumbusha kahawa yapoa. Nilitoka, nikapita Mji wa Kale mzima bila kumwamkia mtu, na kwa mji huu hilo ni tukio.

Kulikuwa na mwaka mmoja uliobaki. Chuo kile kilikuwa na ukomo wa umri, na Twahir baada ya mwaka ule angeupita. Maneno hakuhitaji tena. Nilimfundisha sentensi moja: ndiyo, nastahili. Mtu aliyekuwa anakula kamusi kama karanga, sentensi ile ilimkwama kooni. Akiisema anacheka. Akiisema anaongeza inshallah. Akiisema anatazama miguu yangu. Nilimgombeza, nikampigia meza. Nilikuwa na hasira na bodi, nikamtolea yeye.

Tulifanyia mazoezi kibandani kwa babake, kwa kuwa kazi haikungoja. Siku moja Fundi Bakari akaweka shazia chini. Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa ameshaelewa tunachofanya.

"Mwalimu," akasema, "wamfundisha mwanangu kujigamba?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza kwamba kule Kizingo kizuri hakijiuzi, wanunuzi wa kule hawaoni kitu mpaka kipigiwe mbiu. Mzee akavuta uzi, akaupaka nta. Hakupenda. Niliona kwamba hakupenda, ni kama nilikuwa namwomba amvue mwanawe nguo mbele ya watu.

"Basi mfundishe vizuri," akasema, akaokota shazia yake.

Mtihani wa kuandika, wa kwanza tena. Kizingo tena, meza ileile, watu walewale watatu, mimi na kadi zangu. Mwenyekiti alimkumbuka. Akauliza swali lake lilelile, na nadhani aliliuliza kwa wema, apate kumpa kijana mlango.

Twahir akainua macho. Akamtazama usoni, kitu ambacho hajapata kumfanyia mtu mzima yeyote maishani mwake.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Nastahili. Hata mwaka jana nilistahili."

Mwenyekiti akacheka, kicheko kizuri, akamwambia mwandishi kwamba kijana amekua. Akainua kalamu. Nami nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikawa nimeshaanza kumhadithia Mwadime kichwani.

Bwana Mkubwa akakohoa. Akaweka tasbihi mezani. Hakuna aliyemuuliza neno. Akainama kwa mwenyekiti, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anaomba ruhusa kueleza jambo la wenyeji, ambalo mgeni pengine asingelitambua. Akasema sisi watu wa pwani twajuana. Akasema kwetu mtoto aliyelelewa hasemi hivi mbele ya wakubwa wake, na anayesema hivi ana kiburi, na mwenye kiburi atawapa taabu wakubwa wa chuo huko aendako.

Mwenyekiti akamshukuru sana kwa kumfahamisha desturi ya watu wake. Akaiweka kalamu chini, na jina la Twahir hakuliandika.

Nilifungua kinywa, safari hii sikungoja kuambiwa niketi. Nilisema yote, ya mwaka jana na ya sasa, na lile jibu lake la "sikuulizwa". Nilitolewa nje na askari wa mlangoni, na kesi yangu na serikali ni habari nyingine, ndogo, haina maana hapa. Bwana Mkubwa aliishi mpaka uzeeni, akazikwa na umma mkubwa, na aliyesoma wasifu wake alisema alikuwa mlinzi wa adabu zetu. Sikwenda. Nilipita mtaa wa pili.

Mnanilaumu ati nilikuwa mkali darasani, na kwamba nikisikia mtoto anajibu "kidogo tu" nampigia meza, na akijibu "najua sana" nampigia vilevile. Ni kweli. Msitafute sababu mbali.

Siku ile Twahir alinikuta nje ya geti. Tukashika njia ya kurudi mjini kwa miguu, yeye na makubadhi yake mapya, jua la saa sita. Hakulia, wala hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Tulitembea mpaka tukaiona Ngome, na kibanda cha babake, na babake amesimama mlangoni ametutazama. Hapo ndipo aliposimama.

"Mwalimu," akaniuliza, "basi ningesema nini?"

Kadi za maneno zote nilikuwa nazo mfukoni, magumu kwa mepesi. Nikamwambia tuvuke upesi, gari linakuja.